Miaka Minne ya Kumwaga Fedha: IBM na Kompyuta za System/360

Mwishoni mwa mwaka 1961, IBM ilikuwa kileleni. Kompyuta yake ya 1401, iliyotangazwa mwaka 1959, ilikuwa imeingia kwa maelfu kwenye mabenki, kampuni za bima na ofisi za serikali, na kodi za kila mwezi za mashine hizo zilikuwa zikimiminika. Kampuni iliyo katika hali hiyo kwa kawaida hutulia ikavuna. IBM haikutulia. Ilianza kutumia fedha ambazo mwisho wake zilifika dola bilioni 5, ili kutengeneza mashine zitakazoondoa sokoni kila kompyuta iliyokuwa ikiilisha. Mapato yake ya mwaka mzima wa 1964, kutoka kila nchi ilikofanya biashara, yalikuwa takriban dola bilioni 3.2.

Vitabu vingi husifu werevu wa wahandisi waliobuni mashine hizo, na sifa hiyo wanaistahili. Lakini mimi navutwa zaidi na daftari la hesabu na viwanda, maana huko ndiko kampuni ilikokaribia kuzama.

Chanzo cha yote kilikuwa mafanikio yenyewe. IBM ilikuwa na aina kadhaa za kompyuta, na kila aina ilikuwa na lugha yake ya ndani. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya 1401 haikuweza kuendeshwa kwenye mashine kubwa za mfululizo wa 7000. Benki iliyokua ikahitaji mashine yenye nguvu zaidi ililazimika kuandika upya programu zake zote, kazi ya miezi au miaka. Na kama ni lazima mteja aanze upya, kuna kitu gani cha kumzuia asihamie kwa mshindani? Honeywell, RCA, General Electric, Sperry Rand, Control Data, Burroughs na NCR walikuwa mlangoni wakingoja.

Ndani ya IBM yenyewe kulikuwa na mgawanyiko. Kompyuta ndogo zilitoka Endicott na kubwa zilitoka Poughkeepsie, miji miwili ya jimbo la New York, na wahandisi wa miji hiyo walishindana kana kwamba walikuwa wa kampuni mbili tofauti. Kila upande ulibuni sakiti zake na vifaa vyake. Printa ya huku haikuungana na mashine ya kule. Gharama za utafiti zilikuwa zikilipwa mara mbili, na mafundi wa matengenezo walilazimika kujifunza kila mashine peke yake.

Mkuu wa kampuni alikuwa Thomas Watson mdogo, aliyekuwa rubani wa kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikabidhiwa usukani mwezi Mei 1956, wiki chache kabla baba yake, mjenzi wa IBM, hajafariki. Chini yake alikuwepo Vincent Learson, mtu mrefu kupita kiasi, aliyepanda ngazi kwa kuuza. Learson alikuwa akizisimamia Endicott na Poughkeepsie kwa pamoja, na alikuwa na mbinu moja ngumu: alimchukua mtu wa upande mmoja akamweka juu ya upande mwingine. Mwaka 1961 alimtoa mhandisi Bob Evans Endicott akampeleka Poughkeepsie kuukagua mradi wa kompyuta mpya zilizoitwa 8000. Mradi huo ulikuwa mikononi mwa kijana wa miaka 30, Fred Brooks, mwenye shahada ya udaktari kutoka Harvard.

Evans aliukagua akasema usimame, kwa sababu ungezaa ukoo mwingine wa mashine zisizoelewana na nyingine. Brooks alipigana naye kwa miezi, akashindwa. Alitarajia kufukuzwa. Badala yake Evans alimwita akamwomba aongoze usanifu wa familia mpya ya kompyuta, kubwa na ndogo, zote zikitumia programu zilezile. Brooks akakubali. Katika historia ya kampuni hiyo sijaona uteuzi wa busara kuliko huo. Evans alitambua kwamba mtu aliyemsumbua kwa hoja nzito kiasi kile ndiye angeweza kuutetea mradi mpya dhidi ya Poughkeepsie na Endicott kwa pamoja.

Novemba 1961 kamati ya watu 13 iliyoitwa SPREAD iliundwa, ikiongozwa kwanza na John Haanstra wa upande wa kompyuta ndogo, kisha na Evans. Walijifungia kwenye hoteli ya barabarani huko Cos Cob, Connecticut, mbali na simu za ofisini. Ripoti yao ilikamilika tarehe 28 Desemba. Ilipendekeza kwamba IBM iache kuboresha karibu kila kompyuta yake ya zamani, na nguvu zote ziende kwenye familia moja mpya. Tarehe 4 Januari 1962 ripoti ilisomwa mbele ya wakuu wa kampuni. Wengi hawakuifurahia, lakini hakuna aliyekuwa na mpango mbadala. Learson akaamua kwamba itafanyika.

Ujasiri wa uamuzi huo unaonekana zaidi ukikumbuka kilichotokea mwaka wa 1961. IBM ilikuwa imetoka kuaibika kwa kompyuta yake kubwa ya Stretch. Iliahidiwa kasi fulani, ikashindwa kuifikia, na Watson akalazimika kupunguza bei yake kutoka dola milioni 13.5 hadi milioni 7.78, bei isiyorudisha gharama, kisha akaiondoa sokoni. Mengi yaliyogunduliwa kwenye Stretch, ikiwemo baiti ya biti nane, yaliingia kwenye familia mpya na yapo hata kwenye simu uliyo nayo mfukoni. Mwaka ule, hata hivyo, kilichoonekana kilikuwa hasara tu.

Fedha sasa zilianza kutoka, na mlango wa kwanza ulikuwa sakiti. Hadi wakati huo IBM ilinunua transista zake kwa wingi kutoka Texas Instruments. Kwa mashine mpya iliamua kujitengenezea vipande vya ndani yenyewe. Hoja ilikuwa kwamba kadiri sakiti zitakavyozidi kuwa ndogo, ndivyo kompyuta nzima itakavyokuwa ndani ya sakiti, na asiyejua kuzitengeneza atabaki mnunuzi wa maarifa ya wenzake. Kazi hiyo ilisimamiwa na Erich Bloch, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyepitia ukimbizi Uswisi wakati wa vita, na kiwanda kikajengwa East Fishkill, kusini mwa Poughkeepsie.

Kilichotengenezwa pale kiliitwa SLT. Chukua kigae cha kauri chenye upana wa nusu inchi. Juu yake mistari ya njia za umeme ilichapishwa kwa mchanganyiko wa metali kama mtu anavyochapa picha kwenye fulana, kigae kikapitishwa kwenye tanuri, kisha vipingamizi vikachapishwa juu yake navyo vikachomwa. Kipingamizi kikitoka na kipimo kisicho sahihi, mashine ilikipulizia vumbi kali kwa hewa ya nguvu, ikikisugua kidogokidogo hadi kipimo kikubali. Baada ya hapo vikaja vipande vya transista na diodi, kila kimoja kikiwa na ukubwa usiofika milimita moja, na chini yake vijipira vitatu vya shaba. Mashine ilivinyonya kwa hewa ikavipanga mahali pake. Mwisho kigae kilifunikwa kwa kifuniko cha alumini. Hiyo ndiyo moduli moja, na IBM ilizihitaji kwa mamilioni.

Hakuna aliyekuwa amewahi kutengeneza kitu kama hicho kwa wingi huo. Mashine za kukitengeneza hazikuuzwa dukani, nazo pia zilibidi zibuniwe. Watson aliandika baadaye kwamba kiwanda cha kawaida kiligharimu dola 40 hivi kwa kila futi ya mraba, lakini kiwanda hiki, kilichotakiwa kisiwe na chembe ya vumbi kama chumba cha upasuaji, kiligharimu zaidi ya dola 150. Bili zilipofika mbele yake hakuamini macho yake, na wajumbe wa bodi walimuuliza kama kweli vyote hivyo vinahitajika, na kama zabuni zilishindanishwa. Lilikuwa swali la haki. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kushindana naye. Katika miaka michache IBM, iliyokuwa mnunuzi wa vipande vya elektroniki, ikawa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani.

Haya yote yalikuwa yakiendelea kabla hata mteja mmoja hajaambiwa lolote. Mpango wa awali ulikuwa kuzitangaza mashine kwa awamu. Kisha Desemba 1963 Honeywell ikatoa kompyuta yake ya H-200, yenye kasi kuliko 1401 na bei nafuu, pamoja na programu ya kuhamisha kazi zote za 1401 kuzipeleka kwenye mashine yao. Jina lake lilikuwa Liberator, yaani mkombozi, na ujumbe kwa wateja wa IBM haukuhitaji mkalimani. Wauzaji wa IBM waliingiwa na hofu. Haanstra, ambaye hakuwahi kukubali moja kwa moja kwamba mashine yake ya 1401 iachwe, alikuja na pendekezo la kutoa toleo jipya la 1401 lenye kasi zaidi.

Pendekezo hilo lilikuwa na mvuto mkubwa. Lingetuliza wateja mara moja, tena kwa fedha kidogo. Lakini lingeua wazo zima la familia moja. Lililoiokoa familia hiyo ni ufundi wa watu wachache waliogundua kwamba Modeli 30, mashine ndogo ya mfululizo mpya, ingeweza kupewa maelekezo ya ndani ya kuiga 1401 amri kwa amri, na bado ikawa na kasi kuliko 1401 yenyewe. Mteja angeweza kuhamia kwenye mashine mpya bila kuandika upya hata mstari mmoja. Hapo hoja ya Haanstra ikakosa miguu.

Learson sasa alitaka familia nzima itangazwe kwa siku moja. Machi 1964 wakuu walikutana kwa mara ya mwisho kupima hatari. Wataalamu wa kila idara walisimama wakaeleza kilicho tayari na kisicho tayari. Rais wa kampuni, Al Williams, mtu wa mahesabu, aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kukawa kimya. Akaita kama dalali wa mnada anayefunga bei, na mali ikawa imeuzwa.

Tarehe 7 Aprili 1964 waandishi wa habari walipakiwa kwenye treni maalumu jijini New York wakapelekwa Poughkeepsie. Siku hiyohiyo wateja walialikwa kwenye mikutano katika miji mingi ya Marekani na katika nchi nyingine. Jina la mfululizo, System/360, lilitokana na nyuzi 360 za duara, kumaanisha kwamba mashine hizi zitahudumia kila upande, wanasayansi na wafanyabiashara sawia. Zilitangazwa modeli 6 pamoja na vifaa zaidi ya 40 vya kuunganishwa nazo. Baadhi ya mashine zilizosimamishwa ukumbini zilikuwa za mbao. Wageni walielezwa hivyo, lakini Watson alikiri kwamba jambo hilo lilimkera moyoni.

Ndani ya mwezi mmoja oda zilizidi 1,000. Hapa ndipo msomaji anayezoea hesabu za duka anapoweza kupotea, kwa hiyo niende taratibu.

Wateja wengi wa IBM hawakununua kompyuta, walikodi. Bei zilizotangazwa siku ile zilikuwa kuanzia dola 2,700 hadi 115,000 kwa mwezi kwa kukodi, au kuanzia dola 133,000 hadi milioni 5.5 kwa kununua. Ukigawa, utaona kwamba mteja alitakiwa kulipa kodi kwa takriban miaka minne ndipo afikie bei ya kununua. Kwa hiyo kila mashine iliyotoka kiwandani ilikuwa imekwishalipiwa shaba yake, kauri yake, mishahara ya mafundi wake na nauli ya kuipeleka, na kilichorudi mwezi wa kwanza kilikuwa kodi ya mwezi mmoja tu. Ni sawa na mtu aliyejenga nyumba za kupangisha. Wapangaji wakipanga foleni, furaha ni kubwa, lakini kila mpangaji mpya anataka nyumba nyingine ijengwe kwanza, na kodi ya walioingia haitoshi hata saruji. Kadiri oda za System/360 zilivyoongezeka, ndivyo hazina ya IBM ilivyokauka.

Watson ametoa mgawanyo wa matumizi hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1990. Uhandisi ulikula dola milioni 750. Viwanda, mitambo na zile mashine za kukodisha vilikula bilioni 4.5. Kwa kila dola moja ya kubuni, dola 6 zilienda kwenye kutengeneza na kusubiri malipo. Wafanyakazi wapya zaidi ya 60,000 waliajiriwa, na viwanda vikubwa vitano vipya vikafunguliwa. Jarida la Fortune, lililochapisha habari ya mradi huo mwaka 1966, liliueleza kuwa uwekezaji mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanywa na kampuni binafsi, likakumbusha kwamba hata mradi wa serikali wa bomu la atomiki haukufika hapo. Evans mwenyewe alimwambia mwandishi wa jarida hilo kwamba wao waliuchukulia kama kuiweka kampuni nzima mezani.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mwaka 1965 IBM iliyaoga. Mashine za kwanza ziliwafikia wateja mwaka huo, lakini viwanda vilikuwa vikisigana. Moduli za SLT zilianza kushindwa vipimo, na kuna wakati shehena kubwa ya moduli zilizokwishatengenezwa ilizuiwa isitoke hadi kasoro itafutwe. Kiwanda kimoja kikikosa moduli, kingine kilijaa makabati ya kompyuta yasiyo na kitu ndani.

Upungufu mwingine ulikuwa kumbukumbu. Siku hizo kumbukumbu ya kompyuta ilifumwa kwa pete ndogondogo za sumaku, ndogo kuliko punje ya mtama, kila pete ikibeba biti moja na kupitishiwa nyaya nyembamba. Kiwanda cha Kingston kilikuwa na mitambo ya kufuma pete hizo, na mitambo hiyo haikuweza kuendana na oda. Kwa kukata tamaa, mfuko wa pete na nyaya ulipelekwa Japani ili watu wajaribu kufuma kwa mikono. Kazi ilirudi baada ya siku chache ikiwa safi kabisa. Muda si mrefu maelfu ya wafanyakazi wa Asia ya Mashariki, wengi wao wanawake, walikuwa wakifuma kumbukumbu za kompyuta za kisasa kuliko zote duniani kwa vidole vyao na sindano, kwa ujira mdogo. Habari za System/360 huwataja kwa sentensi moja, kama zinawataja. Bila wao ratiba ya IBM ingeanguka, na naona ni haki wasomwe kwenye ukurasa mmoja na Brooks na Evans.

Programu nazo zilikuwa na maafa yake. Mfumo endeshi mmoja, OS/360, ulitakiwa uendeshe familia nzima. Brooks alipewa kazi ya kuusimamia, na kadiri ulivyochelewa ndivyo watu walivyozidi kuongezwa, hadi wakapita 1,000. Kila aliyeongezwa alihitaji kufundishwa na wale waliokuwa wakifanya kazi, kwa hiyo kazi ilizidi kuchelewa. Watson aliwahi kuwasimulia wateja, mwaka 1966, kwamba bajeti ya programu ya mwaka ule ilikuwa milioni 40, akamuuliza Learson akaambiwa milioni 50, na siku ya pili yake akamuuliza msimamizi wa programu akaambiwa milioni 60. Alihofia kwamba akiendelea kuuliza hakutakuwa na gawio la wenye hisa. Jumla ya gharama za programu ilifika kama nusu bilioni ya dola, kiasi kikubwa sana kuliko kilichokadiriwa mwanzoni. Brooks aliondoka kwenda kuanzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha North Carolina, na mwaka 1975 akachapisha kitabu cha The Mythical Man-Month, ambamo alieleza kwa uwazi wa kupigiwa mfano jinsi kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunavyouchelewesha zaidi.

Oktoba 1965 kampuni ilitangaza kwamba mashine zitachelewa kwa miezi miwili hadi minne. Kwa wateja waliokwishavuta umeme na kupasua kuta kuandaa vyumba, hiyo haikuwa habari ndogo. Na ndani ya nyumba ya Watson ilikuwa habari mbaya zaidi.

Tom Watson alikuwa na mdogo wake, Arthur, ambaye kila mtu alimwita Dick. Dick alikuwa amejenga biashara ya IBM nje ya Marekani kwa ustadi mkubwa, na kaka yake alitaka siku moja amrithi. Ili kumwandaa, Tom alimpa uhandisi na uzalishaji wa System/360, na Learson akapewa mauzo. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Kwa kweli Learson alikuwa mtu wa kushinda, na kila alipoona mshindani ametoa kitu kipya alidai mashine ziongezewe uwezo, na kila nyongeza ilivuruga viwanda vya Dick. Dick hakuwa mhandisi wala hakuwa amewahi kuendesha uzalishaji wa ukubwa huo. Mambo yalipoharibika, Tom alimwondoa mdogo wake, akamkabidhi Learson uzalishaji, na Januari 1966 Learson akawa rais wa kampuni. Dick alipewa cheo cha makamu mwenyekiti, na njia yake ya kwenda juu ikaishia hapo.

Tom Watson aliandika waziwazi kwamba alimtendea mdogo wake vibaya na kwamba jambo hilo lilimuumiza maisha yake yote. Namwamini. Lakini lawama haiishii kwenye hisia za kifamilia. Kumpa mtu mmoja kazi ya kuahidi na mwingine kazi ya kutengeneza, kisha kuwashindanisha kwa kiti kimoja, ni kosa la uongozi, na lilifanywa wakati ambapo kila wiki ya kuchelewa iligharimu mamilioni.

Hazina sasa ilikuwa hoi. Wakuu wa fedha walipojaribu kujua ni mali kiasi gani imekwama viwandani ikiwa nusu tayari, hakuna aliyeweza kujibu. Vipande vilikuwa vikisafirishwa kutoka kiwanda hadi kiwanda, na vitabu havikuendana navyo. Ilibidi watu waingie wahesabu kwa mikono, na wakakuta mali ya thamani ya karibu dola milioni 600 imelala njiani. Watson alisema kampuni ilikuwa imebakiza wiki chache tu kabla ya kulazimika kukopa kwa dharura ili ilipe mishahara. Hii ndiyo IBM, kampuni ambayo biashara yake ilikuwa kuwauzia wengine mashine za kuweka hesabu sawa. Mwaka 1966 iliuza hisa mpya za karibu dola milioni 370 ili ipumue.

Learson aliwateua mameneja wanne, akawapa mamlaka ya kufanya lolote kokote, nao wakawa wakizunguka kiwanda hadi kiwanda wakizibua palipoziba. Kufikia mwisho wa 1966, kompyuta kati ya 7,000 na 8,000 za System/360 zilikuwa zikifanya kazi kwa wateja. Mapato ya mwaka huo yalipita dola bilioni 4, na faida kabla ya kodi ya serikali ikafika bilioni 1. Kodi za wateja zilizokuwa zikidondoka tone moja moja sasa zilikuwa mto, kwa sababu mashine nyingi zilikuwa mikononi mwa wateja na gharama za kuzijenga zilikwishalipwa. Kufikia 1970 mapato yalikuwa dola bilioni 7.5. Chumba cha kompyuta cha Houston kilichoongoza safari za Apollo kwenda mwezini kilitumia mashine za Modeli 75 za familia hiihii.

Washindani waliokuwa mlangoni mwaka 1961 walikutana na hesabu ileile ya fedha za kutanguliza, bila kuwa na kifua cha kuibeba. RCA iliiga usanifu wa 360 kwenye mfululizo wake wa Spectra 70, kwa matumaini ya kuwanasa wateja wa IBM. Kila kompyuta iliyokodisha ilimeza fedha zaidi, na mwaka 1971 ikafunga biashara hiyo kwa hasara ya mamia ya mamilioni ya dola. General Electric ilikuwa imeshauza ya kwake kwa Honeywell mwaka 1970. Na Januari 1969 serikali ya Marekani iliishtaki IBM kwa kuhodhi soko, kesi iliyoburutwa kwa miaka 13 kabla serikali yenyewe kuifuta mwaka 1982.

Kwa maoni yangu, wahandisi wa SPREAD walikuwa sahihi na mahesabu ya wakuu wao hayakuwa sahihi. Walijua gharama ya kubuni, wakakisia vibaya gharama ya kutengeneza, na hawakuwa na picha kamili ya muda ambao fedha ingekaa nje kabla ya kurudi. Waliokolewa na ukubwa wa kampuni, na kodi za 1401 zilizoendelea kuingia kimya wakati wote huo. Kampuni ndogo yenye wazo hilohilo na watu walewale ingefilisika mwaka 1965.

Mwaka 1970 IBM ilitangaza mfululizo wa System/370, na programu za 360 ziliendeshwa humo bila kubadilishwa. Kompyuta kuu ambazo IBM inaziuza kwa mabenki leo ni kizazi cha mashine hizohizo, na bado zinaweza kuendesha programu zilizoandikwa miaka ya 1960 kwa ajili ya System/360.